Kulala bure jangwani na trela: Quartzsite, Kofa, Anza-Borrego au Slab City?

NesiMhamaji
Wadau habari za jioni. Mkataba wangu wa hospitali hapa Phoenix unaisha tarehe 22 Desemba na ule wa San Diego unaanza katikati ya Januari, kwa hiyo nina wiki tatu na ushee sina kazi na nyumba yetu ndo hii hii trela ya futi 24 tunayoivuta na pikapu. Paki za RV (magari na trela za kulala) huku msimu huu bei haishikiki, wazee wote wa Minnesota na Kanada wamehamia huku kukimbia theluji. Mume wangu kasema basi twende jangwani tukakae bure kama wenzetu. Mie mtu wa Moshi jamani, jangwa nalijua kwenye ramani tu.

Tunabishania sehemu nne. Quartzsite na Kofa huku Arizona, halafu kule California Anza-Borrego (mie naipenda hii maana ni njia ya San Diego) na Slab City ambayo mume kaiona YouTube hasikii haambiliki. Tenki la maji safi galoni 40, la choo 30, la maji ya kuoshea 30, jenereta ndogo tunayo, sola hatuna. Tuko wawili tu. Nisaidieni.

DerevaWaI10
Quartzsite bila kufikiria mara mbili. Mimi hupita hapo karibu kila wiki na lori, ni kama maili 130 kutoka Phoenix, barabara kuu ya I-10 imenyooka tu, hakuna mlima wa kukutoa jasho na trela. Ukifika hapo kwa njiapanda ya 10 na 95 utaona RV zimejaa jangwani hadi macho yachoke. Ardhi ni ya BLM, ile idara ya serikali ya kusimamia ardhi, so hakuna mtu atakufukuza. Dome Rock, Scaddan Wash, Plomosa Road, Hi Jolly, hizo zote ni bure siku 14. Msimu wa baridi kuna mzee wa kujitolea pale mlangoni anakuandikia kikaratasi na hiyo imeisha. Ukimaliza siku 14 ndani ya kila siku 28, sharti uondoke angalau maili 25.

Slab City mwambie bwana yako aende mchana apige picha ule mlima uliopakwa rangi arudi.

NesiMhamaji
Hahaha nimemsomea amenuna. Kwanini lakini Dereva? Si ni bure kabisa na hakuna hata kikomo cha siku?

DerevaWaI10
Ni bure ndio. Pale palikuwa kambi ya wanajeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, wakaondoka wakaacha sakafu za zege, ndio hizo "slab" zenyewe. Hakuna maji, hakuna stima ya gridi, hakuna dampo ya kumwaga choo cha trela, hakuna mwenyewe wa kuuliza. Watu wa huko wengine ni wazuri sana, lakini wewe unatoka shifti za usiku unataka kupumzika, hutaki kulala jicho moja wazi ukilinda jenereta.

MzeeWaTrela
Mwanangu Nesi, huu ni msimu wangu wa sita jangwani, nitakwambia kitu ambacho hao wa YouTube hawakuonyeshi. Mnabishana mahali wakati cha kubishania ni tenki la choo. Piga hesabu. Galoni 40 za maji safi, watu wawili mkijibana sana galoni nne nne kwa siku, siku ya tano mmekauka. Hilo si tatizo, maji utayafuata mjini na madumu ukamimina. La kuoshea nalo ukioshea vyombo kwenye beseni linakwenda. Lakini la choo galoni 30 kwa watu wawili ni siku nane mpaka kumi hivi, likijaa limejaa, choo hubebi na dumu. Hapo inabidi ukunje kila kitu, ushushe vitu kabatini, ufunge trela kwenye pikapu, uende dampo mjini, ulipe, urudi, na ile sehemu yako nzuri uliyoiacha ukute mzungu na mbwa watatu keshaikalia.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa ya bure siku 14 kwa ubahili. Nikaenda dampo mara mbili, kila mara dola 20 na maji juu yake, mafuta juu yake, na siku nzima imekufa. Sasa ng'ambo ya barabara tu, kusini mwa mji, kuna La Posa, ni ya BLM hiyo hiyo lakini ni eneo la kukaa muda mrefu. Msimu wake Septemba 15 mpaka Aprili 15. Nililipa dola 180 kwa msimu mzima, na kwa siku 14 ni dola 40. Ndani ya hiyo 40 una dampo, una bomba la maji, una pa kutupa taka. Jangwa ni lile lile, nyota ni zile zile. Sasa niambie ya bure ni ipi.

DerevaWaI10
Mzee hapo umenishika kidogo lakini sikubali yote. Jamaa yangu ana lile tenki la magurudumu la plastiki, anatoa choo cha trela ndani yake anavuta na gari mpaka dampo, trela haisongi. Na hapo Plomosa jirani yako yuko mita mia mbili, La Posa Januari ikifika na yale maonyesho makubwa ya RV mnabanana.

MzeeWaTrela
Tenki la magurudumu liko sawa kama unalo. Yeye hana, na akinunua kwa ajili ya wiki tatu keshalipa La Posa mara kadhaa. Kubanana ni kweli, mje kabla ya maonyesho.

ArushaKwaArizona
Shikamoo mzee. Mi nawasemea Kofa maana naona mmeiruka. Iko kusini ya Quartzsite hiyo hiyo 95 ya kwenda Yuma, ni hifadhi ya wanyama, bure, siku 14 kwa mwaka, gari lisitoke zaidi ya futi 100 kutoka barabarani. Jina lenyewe ni la mgodi wa dhahabu, King of Arizona, walikuwa wanagonga mhuri K of A kwenye vifaa vyao. Barabara ya Palm Canyon ni changarawe maili kama saba, ina mawimbi, nenda taratibu sana la sivyo vikombe vyote chini. Asubuhi jua likipiga ile milima myekundu unasahau hata kupika chai. Kule juu kwenye ufa wa mlima kuna mitende ya asili, na ukiwa na bahati kondoo pori wa pembe kubwa. Ila usipige kambi karibu na visima vya wanyama, ndani ya robo maili hairuhusiwi, na ukiona chuma cha ajabu chini usiguse, jeshi lilifanyia mazoezi huko wakati wa vita na mabomu mengine bado yapo. Sio utani hiyo, bango lipo.

Kwa Nesi lakini, Kofa ni ya siku tatu nne, sio wiki tatu. Huduma sifuri.

LushiTucson
Miye niko naongeza kitu moja tu. Hiyo barabara ya 95 kutoka Yuma kupanda Quartzsite iko na kizuizi ya polisi ya mpaka, banasimamisha magari, banauliza weye raia wa wapi. Na I-8 mbele ya kufika San Diego iko ingine. Kama uko na green card, ubebe yenyewe, si foto kwa simu. Sheria inasema mutu wa miaka 18 na kuendelea atembee nayo kila saa. Miye balinikalisha pale dakika arobaini juu nilisahau waleti kwa trela ya rafiki. Balikuwa na heshima, lakini dakika arobaini ni arobaini.

NesiMhamaji
Asante sana kaka, hilo sikuwaza kabisa. Mume yeye anazo zake kwenye sanduku la nyaraka chini ya kitanda, nitamwambia azitoe.

BintiMombasaSD
Mimi nakaa San Diego na Anza-Borrego naenda kila mwaka so wacha niitetee. Ni paki ya jimbo, kubwa kuliko zote California, na wanaruhusu kulala porini bure, kitu ambacho paki za majimbo huwa haziruhusu. Usisogee mbali na barabara zaidi ya urefu wa gari moja, na moto uwashe ndani ya chombo cha chuma na majivu uende nayo. Mji wa Borrego Springs ulipewa cheti cha anga la giza tangu 2009, taa za barabarani ni kama hakuna, ukilala usiku wa mwezi mwandamo utaona nyota kama uko Lamu miaka ile umeme ukikatika. Clark Dry Lake ni tambarare nzuri kwa trela lakini ikinyesha usiingie, ule udongo unakuwa kama unga wa chapati uliotiwa maji mengi, utavutwa na trekta. Dampo ipo kwenye kambi ya Borrego Palm Canyon, ya kulipia.

Ukija kutoka Quartzsite pitia Indio, ushuke barabara ya 86, kisha S22. Ukienda San Diego usipande mlima wa Montezuma na trela tafadhali, rudi 86 mpaka El Centro ushike I-8.

MzeeWaTrela
Umesema vizuri binti. Kwa hiyo jibu lako Nesi ni hili: siku 14 La Posa kwa dola 40, mwage choo siku ya mwisho, jaza maji, halafu siku tano sita Borrego za bure kweli kweli kwa sababu tenki linaingia tupu. Nunua sola ya wati 200 na betri ya pili. Hita ya trela inatumia gesi lakini feni yake inakula betri, saa tisa usiku inazima na nje kuna nyuzi sifuri. Jenereta usiku utachukiwa.

Mengine ya haraka. Usipige kambi kwenye korongo la mchanga hata kama pametulia, mvua inyeshe milimani huko mbali maji yatakukuta umelala. Cholla, ile kaktasi yenye manyoya, usiikaribie, tembea na chanuo la kuichomolea. Na usiku acha boneti ya pikapu wazi, panya wa huko wanapenda waya za gari kuliko mahindi.

NesiMhamaji
Nimeelewa mzee, shikamoo na asante. Na mimi niwape ya kwangu ya kinesi: vumbi la Arizona lina fangasi wanaosababisha homa ya bondeni, na kwa sisi watu weusi ikikaza huwa inakaza zaidi. Siku ya upepo ingieni ndani mfunge madirisha. Ukirudi na kikohozi na homa wiki mbili tatu baadaye, mwambie daktari ulikuwa jangwani, usingoje akuulize.

NesiMhamaji (Januari 19)
Wadau tumefika San Diego, naleta ripoti.

La Posa siku 14, choo kilijaa siku ya tisa kama mzee alivyosema, tukamwaga palepale dakika ishirini na mume akaacha kuitaja Slab City. Usiku mmoja Fahrenheit 34, tulilala na soksi mbili. Majirani wazee wa Oregon walituletea keki, tukawapelekea maandazi, kesho yake wakaja na rafiki zao wanne kuulizia maandazi. Upepo mkali siku mbili.

Kitu ambacho hamkuniambia ni kaburi la Hi Jolly! Lile eneo la kambi Dereva alilolitaja, kumbe ni jina la mtu, Haji Ali. Jeshi la Marekani lilileta ngamia mwaka 1856 kubeba mizigo jangwani na wachungaji wake kutoka kule Uturuki na Shamu, Wamarekani wakashindwa kutamka Haji Ali wakamwita Hi Jolly. Alifia Quartzsite 1902, wamemjengea piramidi ya mawe na ngamia juu. Nilisimama pale nikafikiria wanavyoniita mimi wodini.

Borrego usiku sita. Dada BintiMombasa, uliyosema kuhusu nyota ni kweli, tulizima kila kitu tukakaa nje na mablanketi. Gharama ya wiki tatu: dola 40 ya La Posa, gesi, petroli, dampo moja Borrego, na sola ambayo siihesabu maana inabaki.

Tatizo moja. Juzi taa ya injini imewaka, fundi kafungua kakuta miiba ya cholla imerundikwa kama kiota na waya mbili zimetafunwa.

MzeeWaTrela
Boneti uliacha wazi?

NesiMhamaji
La Posa kila usiku. Borrego tulikuwa tunaangalia nyota mzee.