Mafundi wa Mtwara, mnabadilisha mipira ya upepo bila hata kutafuta panapovuja! Gari langu limechuchumaa miezi mitatu

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini na uzi huu naufungua nikiwa na hasira kwelikweli, nikirukaruka mnivumilie.

Nina gari la nyumba, yale yenye vitanda na jiko ndani, GMC Motorhome ya 1976. Tulilinunua mimi na marehemu mume wangu kwa mzee mmoja mgeni aliyekuwa akikaa Mikindani, alipoamua kurudi kwao. Nalikodisha pamoja na dereva, familia zinaenda Kilwa Masoko kuona magofu ya Kisiwani, wengine wanataka tu kulala ufukweni siku mbili. Ndilo linalosomesha wanangu wawili. Haya magari yalitengenezwa kuanzia 1973 mpaka 1978 basi, kwahiyo ukiharibu kitu huendi dukani kesho ukakipata, na hilo niliwaambia mafundi wote kabla hawajashika spana.

Tatizo lilianza mwezi wa mfungo. Jioni gari tunaliacha limesimama vizuri, asubuhi upande wa kulia nyuma umelala chini, mwili unakaribia kugusa tairi. Ukiwasha kompresa inanguruma dakika nyingi ndio upande unanyanyuka. Na njiani kompresa ikawa inawaka kila mara, zamani ilikuwa unaweza kutoka hapa mpaka Mingoyo usiisikie.

Kwa wasiolijua, gari hili linavutwa na matairi ya mbele. Nyuma hakuna difu (lile boksi la gia za kuzungusha matairi ya nyuma) wala eksel inayopita toka upande mmoja kwenda mwingine, ndio maana sakafu yake iko chini vile. Kila upande una matairi mawili yanayofuatana, kila tairi na mkono wake, na katikati ya mikono hiyo miwili umelala mpira mmoja wa upepo. Huo mpira ndio springi yenyewe, ndio unabeba uzito wote wa upande ule. Upepo unatoka kwenye kompresa ya umeme, unaingia kwenye tangi, halafu unapita kwenye vali ya levo ambayo ina kifimbo kinachosoma nyuma imeshuka au imepanda, ikishuka vali inaongeza upepo, ikipanda inaupunguza. Sasa mtu yeyote akiambiwa gari linashuka usiku si anajiuliza kwanza upepo unatokea wapi? Mpira, paipu, maungio, tangi au vali. Sehemu tano tu.

Fundi wa kwanza hakujiuliza. Kafika, kachungulia, kageukia kwa dereva wangu (mie mwenye gari nimesimama pale pale) akamwambia "bosi, mpira umekufa huu". Nikamuuliza fundi umejuaje, akanijibu "dada haya mambo tuachie sisi, hii kazi tunafanya kila siku". Hakuweka hata tone la maji ya sabuni. Akasema anao mpira mzuri wa used, laki nane na nusu, nikalipa maana wiki hiyo nilikuwa na wageni.

Naomba niseme lililonitoa machozi siku hiyo, na ndio sababu kubwa ya kuandika, pesa nitazitafuta. Kanyanyua gari kwa jeki moja, juu ya mchanga, chini ya jeki kaweka kipande cha ubao. Hakuna stendi, hakuna gogo. Akamwingiza kijana wake chini, mtoto wa miaka kumi na saba hivi, amlegezee paipu. Upepo haujatolewa! Kijana alipolegeza nati upepo ukatoka kwa kishindo, mpira ukasinyaa, jeki ikainama mchangani na nyuma nzima ikashuka. Tulisikia tu ukelele. Alikuwa ametoa kichwa na mabega, shati limebanwa na mkono umechunika mpaka kwenye kiwiko. Gari lile lina urefu unakaribia mita nane jamani, na ndani kuna friji na matangi ya maji. Fundi akasema "Mungu mkubwa", akampa maji ya kunywa, akamwambia endelea na kazi. Mie ndiye niliyemkataza asirudi chini nikampeleka kwenye zahanati kusafishwa kidonda.

Ukiwa na gari la upepo, basi au lori au hili langu, jeki sio ya kuaminiwa na mpira sio wa kuaminiwa. Unaweka stendi kwenye chuma cha mwili, sehemu ngumu, kwenye ardhi ngumu, unatoa upepo wote taratibu, ndio mtu anaingia chini. Magogo mawili ya mkorosho yangetosha kumkinga yule mtoto na Kusini nzima hii magogo yamejaa.

Basi mpira ukafungwa. Paipu aliikata kwa msumeno wa chuma, upande, ikabaki na manyuzi, akazungushia tepu ya mafundi bomba mizunguko sijui mingapi akakaza. Asubuhi gari limelala chini vilevile. Nikampigia akasema basi ni kompresa imechoka. Akaniletea kile kikompresa kidogo cha kujazia matairi, laki moja na themanini. Kile kimetengenezwa kufanya kazi dakika chache kipumzike, hapa kikawa kinazunguka muda wote kufukuzana na upepo unaovuja, siku ya tisa kikanuka kuungua. Kwahiyo hata ingekuwa kompresa ya asili imechoka kweli, ni kuvuja ndiko kulikoichosha, ukifunga mpya bila kuziba unaiua na mpya.

Katikati ya hapo ndio nikapata aibu. Tulirudisha kompresa ya zamani tukatoka na familia kutoka Dar waliokuwa wamemaliza likizo Kilwa, tunawarudisha, mama na baba na watoto watatu. Tumepita Nangurukuru tunaelekea Somanga, ile barabara mnaijua tangu mafuriko ya Mei 2024 yaikate kuna vipande hupiti bila kurushwa. Upande wa kulia ukaisha upepo, tairi la nyuma likaanza kusaga bodi mpaka likapasuka. Saa tisa mchana, jua lote, watoto wamekaa chini ya mwembe wa watu. Niliwatafutia basi kwa pesa yangu na nikawarudishia hela yote waliyolipa. Yule mama aliniaga vizuri tu lakini najua hatarudi.

Fundi wa pili huyu ndio hataki hata kusikia habari ya upepo. "Dada toa huo uchafu wote, nakufungia springi za pleti za Fuso, utasahau". Alikuwa ameshashika grainda anataka kukata vishikio! Nikamuuliza springi utazifunga kwenye eksel ipi wakati eksel haipo? Akainama akaangalia, akanyamaza, akasema atachomelea. Nikamfukuza. Angekata pale ndio mwisho wa gari, kile chuma ndio kinashika mikono yote minne ya magurudumu.

Sasa sikilizeni kazi inavyofanywa. Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Lindi aliyetengeneza mabasi miaka mingi, akaja kwa basi na mkoba wake. Siku ya kwanza hakufungua kitu. Alichukua futi, akapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi pande zote mbili, akaandika kwa chaki. Akaniambia "mwanangu, kwanza tujue linashuka kiasi gani". Alfajiri akapima tena, kulia sentimita 11 zimepotea, kushoto hakuna kitu. Akaweka stendi, akatoa upepo, akachomoa paipu kwenye mpira, pale akafunga kizibo chenye vali ya tairi, akajaza mpira peke yake kwa pampu. Geji ikasoma psi 95, msishangae, mpira huu unabeba upepo mara tatu ya tairi la gari dogo. Tukaliacha usiku kucha. Asubuhi 95 ileile. Yaani mpira hauvuji! Na huo ni ule wa used alioniuzia fundi wa kwanza, una vipasuko vidogo vya uzee kwenye mkunjo, mzee kasema niutumie huku nikitafuta mpya.

Akarudisha paipu, akapaka povu la sabuni kidogokidogo kwa brashi ya rangi. Kwenye maungio ya paipu aliyoikata fundi wa kwanza kwa msumeno povu likachemka. Akakata paipu upya kwa wembe, ikawa sawa, haina manyuzi. Halafu vali ya levo, tundu la kutolea upepo linapumua muda wote hata gari likiwa limetulia. Akaifungua mbele yangu: ndani kutu na chumvi, tangi halijawahi kumwagwa maji ya unyevu yanayojikusanya humo na sisi tunaishi pwani, na juu ya kutu kuna vipande vyeupe vya ile tepu vimekwama kwenye kiti cha vali, pale inapofungia upepo. Kutu ndio ugonjwa wa mwanzo, tepu kaongeza fundi. Akasafisha, akabadilisha oringi, zile pete za mpira za kuzuia upepo, akafunga. Siku tatu, laki moja na nusu na nauli.

Kwahiyo mpira wangu wa asili, ule uliotolewa mara ya kwanza, upo wapi? Maana kama vali ndio ilikuwa inavuja tangu mwanzo kuna uwezekano mkubwa ulikuwa mzima, na nilipouulizia niliambiwa umetupwa. Wewe fundi unajijua na naamini utasoma hapa au mtu atakusomea. Nataka mpira wangu. Nataka laki moja na themanini ya kikompresa. Ya mpira wa used tutaongea ukileta wa kwangu.

Na yule kijana, nasikia ulimwachisha kazi kwa sababu mkono ulimuuma akashindwa kuja, na hujamlipa siku zake. Anayemfahamu amwambie aje kwangu, zile siku nitamlipa mie, na mzee wa Lindi anatafuta msaidizi.