Tope la Hanang: mlima au mtambo?

Chalii wa Sakina: Wakuu, Desemba 3, 2023 tope lilishuka toka Hanang likafunika Katesh na Gendabi. Tukaambiwa mwamba dhaifu ulinyonya maji ukameguka. Mvua za Desemba zimeanza juzi? Mbona miaka yote haumeguki? Kule Alaska kuna mtambo wa HAARP wa kuchezea anga. Ndoo ya lita 20 ikijaa usiku mmoja hapa Arusha, hiyo si mvua ya Mungu.

Mangi Kiboriloni: Hiyo ndoo ilikaa wapi, uwanjani au chini ya gata?

Chalii wa Sakina: Naongelea HAARP, Mangi unaniletea gata!

Mangi Kiboriloni: Ndoo umeileta wewe. Bati la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba ni lita 1. Ikiwa chini ya gata, ndoo yako inajaa kwa robo milimita. Manyunyu, chalii wangu.

Mzee Mbauda: HAARP ni kituo cha kutafiti anga ya juu kwa mawimbi ya redio, ina antena 180 na nguvu ya megawati 3.6. Bwawa letu la umeme la Nyumba ya Mungu tu ni megawati 8. Hata nguvu hiyo yote uichemshie maji, kwa saa unapata mvuke tani 5 hivi. Milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni tani 50,000. Piga hesabu: kuzipata tani hizo ni zaidi ya mwaka.

Chalii wa Sakina: Mzee wangu shikamoo, ila huyu Mangi anayesema manyunyu anatudharau. Haya, ndoo iko uwanjani!

Binti Kibosho: Mdomo ukiwa sentimita 30, lita 20 ni kama milimita 283. Hapo ningeshtuka hata mimi. Ila usipime kwa rula kaka, ndoo ni nyembamba chini, kina kitasoma zaidi ya mvua halisi. Mimina kwenye chupa yenye alama, ujazo ugawe kwa eneo la mdomo. Na iwe mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti, isomwe saa 3 asubuhi kila siku.

Mtu wa Njiro: HAARP siamini, ila Hanang ulilipuka, wanaficha.

Mzee Mbauda: Volkano ya Lengai ilipotaka kulipuka 2007, Julai kulipiga tetemeko la ukubwa wa 5.9. Volkano kwa kawaida haiamki kimyakimya. Hanang lilishuka tope, mawe na magogo. Majivu ya zamani yakioza huwa udongo wa mfinyanzi; maji yakijaa matunduni yanaubeba, msuguano unapungua. Mwaka 2023 El Nino ilikutana na bahari yetu ya Hindi kuwa na joto upande huu, mvua haikupumzika. Ndiyo "mbona miaka yote" yako, kijana.

Chalii wa Sakina: Nimekusikia mzee. Mangi, lita ngapi nimwage kabla ya kujaza tangi?

Mangi Kiboriloni: Sasa umerudi kwenye gata! Nusu milimita ya kwanza, bati lako ni lita 40. Ndiyo yenye kinyesi cha ndege. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 5 hivi lisimame kabla ya tangi lizishike lita hizo, kizibo chini chenye tundu dogo lijimwage lenyewe.

Chalii wa Sakina: Mita 5 nyumba ya chini? Umechemka.

Binti Kibosho: La inchi 6 basi, mita 2 na kidogo. Tundu litaziba kwa majani, weka wavu kwenye gata.

Mtu wa Njiro: Na mlipuko je?