Klabu ya sayansi Kigoma: tuadhimishe tarehe ipi?

Mwalimu wa Fizikia, Ujiji
Ndugu wanajukwaa, klabu yetu inatafuta siku ya kuadhimisha kila mwaka tukio la sayansi au teknolojia lililotokea mkoani kwetu. Wanafunzi wengi wanapendekeza tarehe 14 Julai, siku ambayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliwasili Gombe mwaka 1960, na ambayo sasa ni Siku ya Sokwe Duniani. Je, ipo yenye uzito zaidi?

Mkazi wa Mwamgongo
Mwalimu, tarehe 14 Julai ni ya kushuka botini tu. Uvumbuzi wenyewe ulikuja Novemba mwaka huohuo, Goodall alipomwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka unyasi katika tundu la kichuguu, akiuchomoa ukiwa umegandwa na mchwa, kisha akiwala. Baadaye aliona sokwe wakipurura majani ya kijiti kabla ya kukitumia, yaani wakitengeneza zana, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule walidhani ni la binadamu peke yake. Mimi ningechagua Novemba.

Fundi mstaafu, Bandarini
Sokwe nawaheshimu, lakini klabu ya sayansi inaipitaje MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya hapahapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, ila mafundi wao walikwisha kuzipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina jipya la Liemba. Karne yake inatimia mwaka 2027. Wengine watatetea 1915. Kwangu mimi, kuifufua meli iliyolala majini miaka minane ni ufundi mkubwa kuliko kuiunda.

Mwalimu wa Fizikia, Ujiji
Shikamoo, Mzee. Hiyo grisi imenishawishi, kwa sababu inaonyeshwa darasani: misumari miwili katika maji ya ziwa, mmoja umepakwa grisi inayozuia maji na oksijeni visikifikie chuma, mwingine mtupu.

Fundi mstaafu, Bandarini
Marahaba, Mwalimu. Anzeni wiki kadhaa kabla ya Mei, maana maji ya Tanganyika, yasiyo ya chumvi, hayali chuma haraka kama ya bahari, na msumari uliopakwa zinki hautawafaa kwa kuwa zinki nayo huzuia kutu.