Kibali kikishatoka hakuna anayerudi saiti, nimechoka aisee!!

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, asiyependa kusoma apite kimya kimya, leo namwaga povu.

Nimekaa kwenye timu za tathmini ya athari kwa mazingira miaka kadhaa, miradi ya barabara hasa. Sio bosi, mimi ni yule wa buti na daftari, kupima vumbi, kuhesabu miti, kujaza maji ya mto kwenye vichupa. Kwahiyo siongei ya kusikia. Kila nikiingia mtandaoni nakuta ugomvi uleule, hawa wanalia vibali vya mazingira vinachelewesha maendeleo, wale wanalia vibali vinatoka kama njugu, na wote wanagombania siku moja tu, ile siku kibali kinapigwa muhuri. Kero yangu mimi ni kuanzia kesho yake. Nani anarudi kuangalia? Hakuna!

Nawapa kisa kimoja, mradi sitaji na kampuni sitaji. Ripoti yetu iliandika kabisa kwamba mashimo ya kuchimbia moramu (ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara) yote yafukiwe, udongo wa juu ukwanguliwe kwanza uwekwe pembeni ili mwisho urudishwe juu, kingo zilazwe zisibaki zimesimama kama ukuta, na kila kalavati pale maji yanapotokea lisakafiwe mawe maji yasichimbe. Tukaweka na jedwali zuri, nani anahusika, lini, anakaguliwa na nani. Kibali kikatoka na masharti yake yakalitaja jedwali hilohilo. Miaka miwili baadaye napita na safari zangu nyingine kabisa, nakuta mashimo yako wazi, yamejaa maji, kingo zimesimama wima na watoto wanaogelea humo humo. Udongo wa juu kumbe ulichanganywa na kifusi siku ya kwanza tu, greda lilipita likasukuma vyote. Kalavati moja limeshazaa korongo la kumeza ng'ombe. Nikampigia mtu ninayemfahamu kwenye ofisi iliyotoa kibali, akaniambia faili la mradi ule lilishafungwa. Shimo liko wazi lakini faili limefungwa, nikakosa hata la kujibu.

Mkitaka kujua inakuwaje, acheni sheria kwanza, someni mkataba. Kwenye orodha ya gharama kila kalavati lina mstari wake na bei yake, kila mita ya lami ina mstari wake. Ukija kwenye mazingira mara nyingi unakuta sentensi moja, mkandarasi atahakikisha analinda mazingira, na gharama yake imo humo humo kwenye gharama zake za jumla. Sasa nyie ni watu wazima. Kama kufukia shimo hakuna mstari wake wa malipo, basi kila shimo lisilofukiwa ni dizeli iliyobaki kwenye pipa lake na siku za greda alizookoa, kwanini afukie?

Halafu kuna afisa mazingira wa saiti. Analipwa na nani? Na mkandarasi huyohuyo. Kijana ana miaka 25, mkataba wake wa miezi sita, ndio aende kumwambia meneja wa mradi simamisha greda udongo wa juu unaharibika? Wee! Anajaza fomu, tiki, tiki, tiki, anatuma. Nimewahi kuziona ripoti za robo mwaka tatu mfululizo zina picha ya pipa moja la taka, na mbwa yuleyule amelala pembeni yake kwa pozi lilelile, miezi tisa mbwa hajageuka. Na kuna mtu ofisini alizipokea akazigonga muhuri zote tatu.

Na nisijifanye malaika, na sisi watu wa tathmini tumo. Unapelekwa kukusanya taarifa wiki mbili tu na ni kiangazi, ile mbuga inayojaa maji masika wewe umeikuta nyasi kavu na mbuzi, unaandika uwanda wa malisho, athari ndogo. Tuta la barabara likipita pale linageuka bwawa, maji yanalala upande mmoja. "Athari ndogo" nimeiandika mara ngapi sijui. Mtu wa hali ya hewa akikosea kesho yake tu watu wanamcheka, sisi tunatabiri miaka 20 mbele halafu hakuna hata siku moja mtu amenipigia kuniuliza bwana wewe ulisema mto hautachafuka, mbona umechafuka. Ndio maana hatujifunzi, ripoti inayofuata tunaandika vilevile, wengine wanakopi na kupesti mpaka jina la mto wa mradi uliopita linabaki mle ndani.

Mnaodhani hili ni tatizo la nchi maskini, kaeni hapa kidogo. Mambo haya yalianzia Marekani na ile sheria yao ya taifa ya sera ya mazingira, NEPA, Rais Nixon aliisaini tarehe 1 Januari 1970, baadae nchi zaidi ya 100 zikaiga wazo hilo kila moja kwa namna yake. Kiini chake ni kwamba serikali iangalie athari KABLA haijaamua. Mwaka 1989 kuna kesi ya kibali cha eneo la kuteleza kwenye theluji kwenye bonde la Methow ikafika Mahakama ya Juu, na majaji wakasema wazi sheria hii inazuia kuamua bila kujua, haizuii kuamua vibaya, na kwamba hailazimishi mpango kamili wa kupunguza madhara uandaliwe na kupitishwa. Rudia kusoma hapo. Yaani unaweza kuandika kila baya litakalotokea, ukaliandika vizuri, kisha ukaendelea na kazi yako.

Halafu angalia wanachorekebisha. Serikali yenyewe ilipima ikakuta tathmini kubwa za kati ya 2010 na 2018 zilichukua wastani wa miaka 4 na nusu, na ripoti ya mwisho kurasa zaidi ya 500. Mwaka 2023 bunge lao likaweka kikomo, kurasa 150, au 300 kama mradi ni mgumu sana, na muda miaka 2. Sawa, sina shida na hilo, hizo ripoti nene mimi nazijua, nusu yake ni orodha za ndege ambazo hata aliyeziandika hajawahi kuwaona. Ila marekebisho yote hayo ni ya kabla ya kibali tena! Wazungu wa Ulaya nao wana agizo lao la tathmini toka 1985, lakini kulazimisha ufuatiliaji wa madhara makubwa baada ya ruhusa kutolewa na kuweka adhabu zenye meno ilikuja kwenye marekebisho ya 2014. Miaka 29 ndio mtu anakumbuka kwamba kuna kesho yake.

Na karatasi sio kinga. Brumadinho kule Brazil, lile bwawa la mabaki ya mgodi lilikuwa na cheti kwamba liko imara, kimetolewa miezi michache tu kabla. Tarehe 25 Januari 2019 likapasuka, watu 270 wakafa. Na hao wakaguzi waliotoa cheti walikuwa wanalipwa na mwenye bwawa. Najua mgodi sio barabara, ila tabia ni ileile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo kwenye mikataba hiyohiyo. Mwajiri anazuia asilimia fulani ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani ule muda baada ya kazi kukabidhiwa ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, lami ikipasuka mkandarasi anaitwa na anarudi mbio, kwa sababu hela yake imeshikwa. Kwanini lami ina kipindi cha matazamio na shimo halina? Shika hela mpaka mashimo yafukiwe na nyasi ziote, halafu tuone kama greda halijapatikana.

NAEDIT: Kuna mdau hapo chini ananiuliza mbona hukuripoti, unakuja kulialia huku. Mkuu niliandika barua mbili, ya kwanza nikaambiwa niipeleke kwa mwenye mradi, mwenye mradi akasema mkandarasi alishakabidhi kazi, mkandarasi alishahama na mitambo yake. Ya pili mpaka leo kimya. Mwezi uliopita nimepita tena pale, maji yamepanda na kingo za upande wa barabara zimeanza kumeguka, zimebaki kama hatua kumi hivi zifike kwenye lami. Labda zikifika ndio faili litafunguliwa.