Nina "licence" ya Lubumbashi: Ulaya niiandike kama nini?

DadaWaKatanga
Wakuu, salaam. Mwenye uelewa wa vyuo vya Ulaya naomba anifumbue macho, dirisha la maombi linafungwa mwezi ujao.

Nilisoma uchumi Lubumbashi kwa mfumo wa zamani: graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Mitano jumla, na mwisho nikaandika mémoire (tasnifu) na kuitetea mbele ya jopo. Sasa hivi naishi Dar. Naomba nafasi ya kuendelea na masomo Ufaransa, Uswidi na Poland, popote patakaponipokea kwanza.

Kinachonitesa ni hiyo "licence". Mfasiri mmoja hapa mjini aliigeuza kwa Kiingereza ikawa "License in Economics". Chuo kimoja kikanijibu kwa adabu zote kwamba kibali changu cha kazi wamekipata, ila shahada bado hawajaiona. Nilicheka, halafu nikanuna. Fomu ya Ufaransa nayo, nikichagua "licence", inanihesabu kama mtu aliyesoma miaka mitatu. Shoga yangu aliyeko Uswidi ananiambia nisiwe na wasiwasi, huko licentiat ni mtu aliyebakiza nusu tu kuufikia udaktari!

Sasa nishike lipi? Na je, naruhusiwa kujiita mwenye shahada ya uzamili? Nawasilisha.

Mbwa wa Koko
Andika "Master" maisha yaende. Miaka mitano ni mitano. Mbona unajisumbua?

Mzee wa Liège
Mbwa wa Koko, ushauri wa namna hiyo ndio unaowafanya watu wafutiwe udahili wakiwa wameshakata tiketi. Jina la kwenye fomu lisipolingana na la kwenye cheti, ofisi ya udahili haitakaa kukuuliza ulikuwa na maana gani.

Dada, mfumo uliosoma ni wetu Wabelgiji, mimi nimeusoma huku huku. Zamani mtu alianza na kandidatura miaka miwili, kisha licence miaka miwili au mitatu kutegemea fani. Waflemi, yaani Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, waliiita licentiaat. Mwaka 2004 Ubelgiji ikauacha na kuingia kwenye bachelor na master. Wale wa zamani hawakutupwa: licence yao inahesabiwa sawa na master, na upande wa Flanders sheria inawaruhusu kujiita hivyo.

Congo wao walibadilisha hatua ya kwanza ikawa graduat ya miaka mitatu, wakabaki na licence juu yake. Halafu ukaja mfumo wa LMD, yaani licence, master, doctorat, ukaenezwa kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Hapo ndipo penye mtego wako, na sijaona wengi wakiusema. Leo Congo kwenyewe kuna licence mbili. Mdogo wako akimaliza sasa, ana licence ya miaka mitatu. Wewe una ya mitano. Karatasi zote mbili zimeandikwa neno lile lile, na zote mbili zina mhuri wa Lubumbashi.

Kijana wa Lyon
Naongezea la Ufaransa. Hapa licence ni miaka mitatu, krediti 180, basi. Lakini Mfaransa hajali sana jina la shahada, anauliza: bac ngapi? Bac ni mtihani wa kumaliza sekondari. Bac+3, bac+5, bac+8. Anahesabu miaka tangu ulipomaliza sekondari. Diplôme d'État yako ya Congo ndiyo inayokaa mahali pa bac. Kwa hiyo kwenye barua ya maombi andika wazi kwamba una bac+5, yaani graduat na licence ya mfumo wa zamani, na utaje mémoire. Mtu wa udahili atakuelewa kabla hajafika mstari wa pili.

Ila kuwa makini na CV. "Licenciée en sciences économiques" ni sawa kabisa. Ukifupisha ukaandika "licenciée économique", umesema umepunguzwa kazini kwa sababu za kiuchumi. Sitanii, ndiyo lugha ya mahakama za kazi hapa. Licenciement ni kuachishwa kazi. Na licencié wa klabu ya mpira ni mchezaji mwenye kadi ya shirikisho. Msomi, mtu aliyefukuzwa kazi, beki wa kushoto: wote wanaitwa jina moja.

DadaWaKatanga
Kaka wa Lyon umeniua! Kumbe CV yangu imekuwa ikitangaza kwamba nimefukuzwa. Sasa hili neno limetoka wapi hadi lishike kazi zote hizo?

Padre Mstaafu
Binti yangu, hapo umegusa penyewe. Kilatini *licet* maana yake "inaruhusiwa", na *licentia* ni ruhusa. Zamani za Paris na Bologna hakukuwa na shahada kama mnavyozijua. Kulikuwa na *licentia docendi*, ruhusa ya kufundisha, na mwenye kuitoa alikuwa Kanisa. Paris ilikuwa kwa kansela wa Notre-Dame. Walikuwepo waliotaka kulipwa ndipo waitoe, hadi Mtaguso wa Tatu wa Laterano mwaka 1179 ukapiga marufuku kudai fedha na kumnyima mtu anayestahili. Bologna, mwaka 1219 Papa Honorius III aliiweka kazi hiyo mikononi mwa shemasi mkuu wa pale.

Kwa hiyo mfasiri wako aliyeandika kibali, kwa Kilatini hakukosea! Amechelewa miaka mia nane tu.

Ruhusa ya kufundisha ilipogeuka daraja la masomo, kila nchi iliipachika kwenye ngazi yake. Mmoja akaiweka chini, mwingine katikati, mwingine karibu na dari. Sisi wa vyuo vya kipapa tumebaki na mpangilio wa ngazi tatu: baccalaureatus, licentia, doctoratus. Yangu niliipata Roma, ni ngazi ya pili, na bado ina nguvu yake ya asili. Kanuni ya 1421 inataka hakimu wa mahakama ya Kanisa awe daktari au walau mwenye licentia ya sheria za Kanisa. Hata Nairobi pale CUEA, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, hutolewa. Lakini niliporudi parokiani nikasema nina licentia, mzee wa kigango aliniuliza ni ya pikipiki au ya gari.

Halafu nenda nje ya geti la chuo hapo hapo Roma. *Licenza media* ni cheti cha mtoto wa miaka kumi na minne hivi, anayemaliza shule ya kati. Na *licenziato* ni aliyefukuzwa kazi, kama alivyosema kijana wa Lyon. Huko udereva hauna licenza, una *patente*.

Nyuki wa Göteborg
Shoga yako wa Uswidi amekusifia kupita kiasi, DadaWaKatanga. Ni kweli licentiatexamen ipo, lakini inakuja baada ya master. Ni krediti 120 za utafiti, na udaktari mzima ni 240, ndiyo maana anasema nusu. Ukijaza "licentiat" umedai miaka miwili ya utafiti ambayo huna. Usithubutu.

Majirani wa Finland wana lisensiaatti ya namna hiyo, halafu wana nyingine: daktari wa hospitali humaliza miaka sita akiwa *lääketieteen lisensiaatti*. Huyo hana udaktari wa utafiti, ana ruhusa ya kukushika mapigo. Nilipofika huku nilidhani Wafini wana watafiti wengi ajabu kwenye zahanati.

Kwa Uswidi andika jina la Kifaransa kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Maelezo weka pembeni.

Mkazi wa Kraków
Poland ndiko rahisi kuliko kote, maana wenyewe wamelichana neno mara mbili. *Licencja* ni kibali. *Licencjat* ni shahada ya kwanza, miaka mitatu. Mwenye ngazi ya pili ni *magister*. Wewe ukiandika licencjat umejishusha mwenyewe. Wanaosimamia utambuzi wa vyeti vya nje kitaifa ni NAWA, wakala wa serikali wa mabadilishano ya kitaaluma, anzia tovuti yao. Na mfasiri hapa awe yule aliyeapishwa. Hati ya kutafsiriwa Kariakoo wataikodolea macho.

Mbwa wa Koko
Sawa nimenyamaza. Lakini Hispania je? Binamu yangu ana licenciatura.

Kijana wa Lyon
Ikiwa ni ile ya zamani, kabla ya kuletwa Grado, shahada mpya ya kwanza, kwa amri ya mwaka 2007, ana bahati. Mwaka 2014 Hispania ilitunga utaratibu wa kuzipanga licenciatura za zamani kwenye ngazi za sasa, na nyingi zimekaa kwenye ngazi ya master. Ureno ni kinyume: neno wamelibakiza, miaka wameipunguza, leo licenciatura kwa kawaida ni mitatu. Mwambie aangalie mwaka ulioandikwa kwenye cheti kabla ya kuangalia jina.

Mrundi wa Bwiza
Nyinyi mnalia na licence, njooni muone bac. Sisi tunafuata BMD, yaani baccalauréat, master, doctorat. Bac yangu ni ya chuo kikuu, miaka mitatu! Nikiipeleka Ufaransa wanadhani nimemaliza sekondari jana.

Kijana wa Lyon
Pole ndugu. Hapa bac ni mtihani wa sekondari tangu enzi za Napoleon, mwaka 1808. Andika "premier cycle universitaire, trois ans" chini yake, vinginevyo watakupanga na watoto.

DadaWaKatanga
Nawashukuru wote, Padre shikamoo. Nimeandika hivi, mnikosoe:

"Licence en sciences économiques (ancien système), ngazi ya pili ya chuo kikuu, miaka mitano baada ya diplôme d'État, ikiwa graduat mitatu na licence miwili, pamoja na mémoire." Hilo nitaliweka kwa lugha ya kila chuo, jina la shahada likibaki Kifaransa kote. Kwenye swali la "ngazi ya juu uliyofikia" nitachagua ya pili, lakini sitaandika Master popote.

Mzee wa Liège
Umeweka vizuri. Omba pia chuo chako barua fupi inayosema licence ya zamani ilikuwa ya ngazi gani. Sekretarieti za vitivo zimezizoea barua hizo siku hizi, kwa sababu hiyo hiyo ya licence mbili.

Nyuki wa Göteborg
Na kitu kimoja, dada: cheti cha graduat unacho? Wengi hutuma licence peke yake na transkripti zake, wakiamini kubwa imeimeza ndogo. Msomaji wa huku ataona miaka miwili tu ya masomo kwenye faili, na atakurudisha chini hata maelezo yako yawe mazuri namna gani. Pakia vyote viwili, na matokeo ya miaka yote mitano.

DadaWaKatanga
Cha graduat kiko kwa mama, Likasi. Nampigia sasa hivi.