Vifaranga 11 hawasimami tangu waanguliwe, nataka wawe sawa kabla ya Jumamosi

Mfugaji_Njoro: Hamjambo wadau. Mashine yangu imeangua vifaranga 94, wa mwisho alitoka Jumatatu alfajiri. 11 hawasimami. Wengine miguu imeenda pande mbili kama mtu aliyeteleza matopeni, wengine vidole vimejikunja kama ngumi. Ukiwasogezea chakula wanakula. Joto lilikuwa 37.5, mayai nimegeuza hadi siku ya 18, sijakosea popote. Kuna dawa gani ya agroveti ya kuwasimamisha haraka? Picha hizo hapo chini.

Mama_Ahero: Pole mwanangu. Umewatandikia nini?

Mfugaji_Njoro: Gazeti. Ni safi, nabadilisha kila siku.

Mama_Ahero: Litoe sasa hivi. Gazeti ni utelezi mtupu, kifaranga akikosa pa kushika mapaja yanafunguka. Mimi hutumia maganda ya mpunga, huku kwetu yamejaa vinuni. Kama huna, tandika gunia au taulo kuukuu. Waliopanuka miguu, kata plasta nyembamba uwafunge mguu kwa mguu kama pingu, miguu ikae chini ya mwili, upana wa kusimama kawaida. Pale katikati ikunje ijishike yenyewe isije ikanasa manyoya. Atapiga mieleka saa kadhaa, usimhurumie ukafungua. Maji yawe kwenye kisosi chenye changarawe asizame. Fungua baada ya siku 3 hivi uone. Ukingoja wiki nzima kabla ya kuwafunga, mguu umeshakomaa vilevile ulivyo.

Omwami_Kakamega: Huku kwetu kuku akikataa kusimama, mgeni huitwa.

Jaduong_Kondele: Umenikumbusha yangu. Stima ilipotea usiku, mayai yakiwa na siku 19. Nikayafunga kwa blanketi, nikalala nayo kitandani. Mke wangu alikuwa amesafiri, akarudi alfajiri bila kupiga simu. Kusikia sauti ndogo chini ya blanketi akauliza, huyo ni nani? Wakatoka 23, wazima wote. Hata mashine niliuza.

Mfugaji_Njoro: Asanteni, lakini nimeuliza dawa. Plasta itachukua siku 3 na mimi nina mpaka Jumamosi.

Nyakio_Bahati: Jumamosi kuna nini? Vifaranga wanaenda harusini?

Mfugaji_Njoro: Kuna mteja.

Nyakio_Bahati: Mteja wa wangapi?

Mfugaji_Njoro: Sawa. Mama mmoja wa chama kule Molo amelipia vifaranga 90, nusu ya pesa alishatuma. Nililipa karo nazo. Wazima ni 83. Nilifikiria niwafunge plasta wale wenye nafuu, niwachanganye na wengine, watapona wakiwa kwake. Huo si wizi, kila muuzaji huweka wabovu wawili watatu.

Nyakio_Bahati: Saba, si wawili watatu. Mpelekee 83 na pesa za 7 urudishe. Hiyo hesabu haihitaji agroveti.

Mzee_wa_Kanisa: Mizani ya udanganyifu ni chukizo. Kijana, karo iliyolipwa kwa hila haifikishi mtoto mbali.

Omwami_Kakamega: Mzee, mwaka jana uliniuzia jogoo wa jicho moja.

Mzee_wa_Kanisa: Ulimwona kabla ya kulipa.

Mchunguzi_wa_Bungoma: Wadau, kabla hamjaendelea kulia na huyu, tazameni picha. Huyo kifaranga ana manyoya ya bawa yanayokaribia mkia. Wa siku mbili ana malaika tu. Huyo ni wa wiki mbili au zaidi. Tena amekalia vumbi la mbao, na jamaa anasema gazeti. Tumetungiwa hadithi hapa. Kesho ataweka nambari ya kutuma mchango.

Jaduong_Kondele: Nami nilishangaa, kuangua kwa mashine bila hitilafu hata moja!

Mfugaji_Njoro: Mimi si tapeli. Simu yangu haipigi picha vizuri usiku, nikaweka za mwezi uliopita. Tatizo ni lilelile.

Mama_Ahero: Mwezi uliopita? Kwa hiyo hii ni mara ya pili?

Mfugaji_Njoro: Ya pili. Mara ile walikuwa 6, wote vidole. Wanne walikufa.

Mama_Ahero: Na mayai ni ya nani?

Mfugaji_Njoro: Ya kuku wangu. Mitetea 14 na jogoo mmoja, ndugu yao. Wanakula pumba za mahindi na mabaki ya jikoni. Bei ya chakula cha dukani mnaijua, msinianze.

Mama_Ahero: Haya, sasa umeanza kusema. Waliopanuka miguu ni wa gazeti. Wa vidole, mara mbili mfululizo, mimi naona wamelipa deni la mama zao. Mtetea akikosa vitamini B2, yai nalo linakosa, na pumba peke yake haitoshi. Wape mitetea majani mabichi kila siku, maziwa yaliyoganda yakipatikana, na omena kidogo. Jogoo huyo badilisha na wa mbali. Hao wadogo, ulizia vitamini za maji zenye kundi la B, na vidole uvinyooshe juu ya kipande cha kadibodi ubandike plasta, kama kiatu. Lakini mwenye goti lililovimba na mshipa umeteleza kando, huyo usimtese.

Mchunguzi_wa_Bungoma: Naomba radhi kwa neno la mchango. Picha lakini ulitudanganya.

Mfugaji_Njoro: Leo ni Ijumaa. Wa plasta watano wanatembea, mmoja amekufa. Wa vidole bado. Yule mama sijampigia, nangoja kesho asubuhi nihesabu kwanza.

Nyakio_Bahati: Mpigie leo.

Jaduong_Kondele: Mama Ahero, gunia la maganda ni pesa ngapi ukiliweka kwenye matatu ya Kisumu?