Soksi za kubana miguu: pakiti mbili zote "daraja la 2", mbona namba hazifanani?

BintiWaTatu
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Mama yetu ana miaka 68 na ameandikiwa soksi za kubana za daraja la 2, urefu wa chini ya goti. Vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zimetutumka, mguu wa kushoto huvimba kila jioni, na ngozi juu ya kifundo imeanza kuwa ya kahawia. Hana kidonda. Ana kisukari, na vidole vya mikono havina nguvu.

Tumeonyeshwa pakiti mbili. Zote zimeandikwa daraja la 2, lakini moja ni 18–24 mmHg (kipimo cha nguvu ya mbano) na nyingine 23–32 mmHg. Ya tatu haina daraja kabisa, ni 20–30 tu. Tuchukue ipi? Na je, tufuate namba ya kiatu chake?

FundiVipimo
Namba ya kiatu iwekeni kando. Kinachotafutwa ni mzingo wa mguu.

Kuhusu madaraja, kila nchi ina ngazi zake. Kwa kipimo cha Uingereza daraja la 1 ni 14–17, la 2 ni 18–24, la 3 ni 25–35. Kwa kipimo cha Ujerumani la 1 ni 18–21, la 2 ni 23–32, la 3 ni 34–46. Soksi nyingi za Marekani huuzwa kwa namba tupu: 15–20, 20–30, 30–40. Kwa hiyo "daraja la 2" la pakiti yenu ya kwanza linakaribia daraja la 1 la pakiti ya pili. Rudini kwa aliyeandika, mmuulize swali moja tu: mmHg ngapi kwenye kifundo? Jibu liandikwe kwenye cheti.

Namba hiyo ni mbano wa pale kwenye kifundo. Kuanzia hapo soksi nzuri hulegea kidogo kidogo kadiri inavyopanda, ili damu isukumwe kwenda juu. Ndiyo maana soksi nene ya kawaida yenye mpira mkali juu ni hatari: yenyewe hubana chini ya goti na kuacha kifundo huru.

Msichukue zile nyeupe za wodini. Zimetengenezwa kwa mgonjwa aliyelala kitandani, mbano wake ni karibu 18 tu, na hazikukusudiwa mtu anayetembea na kuvimba.

SistaWaVidonda
Kabla ya pakiti yoyote, dada, kuna kipimo ambacho hujakitaja na mimi sitaki kirukwe: je, damu inafika vizuri kwenye nyayo? Soksi husaidia damu inayorudi juu. Kama ateri zinazoishusha zimeziba, soksi hiyo hiyo inaweza kuua ngozi ya kisigino na vidole.

Hupimwa hivi. Mgonjwa hulala chali dakika kumi hivi, mhudumu hupima presha ya mikono yote miwili (ile namba ya juu) na kuchukua iliyo kubwa, kisha hupima ya kifundo kwa dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita. Ya kifundo hugawanywa kwa ya mkono. Mkono 140 na kifundo 126 ni 0.9, hapo soksi ya kubana inaruhusiwa. Kifundo 90 kwa mkono ule ule ni 0.64, hapo soksi kali haivaliwi mpaka mtaalamu wa mishipa aseme. Chini ya 0.5 hakuna kubana kabisa.

Kwa mwenye kisukari kuna mtego. Ateri zikikakamaa, mkanda wa presha hauziminyi sawasawa na jibu hutoka juu ya 1.3. Hiyo si habari njema hata kidogo. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Kushika mapigo kwa vidole peke yake hakutoshi.

Kisukari pia hufanya miguu isihisi. Mtu mwingine akibanwa vibaya atalalamika. Asiyehisi atakaa kimya na mkunjo utamla ngozi siku nzima. Avuliwe kila jioni, muangalie kifundo kwa mbele, kano ya nyuma ya kisigino, mfupa wa muundi na vidole. Siku ya kwanza avae kwa muda wa saa tatu au nne tu, avuliwe, mkague. Vidole vikiwa vya bluu, baridi au vya ganzi, soksi itoke papo hapo.

Jambo moja zaidi: mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu lake, msiuvalishe soksi, upelekwe hospitali siku hiyo hiyo kuangalia damu iliyoganda. Na akivimba miguu yote huku akipumua kwa shida anapolala, moyo uangaliwe kwanza, kwa sababu soksi husukuma maji yote hayo yarudi kwenye moyo.

BintiWaTatu
Asante sana, Sista. Dopla amefanyiwa: kulia 1.0, kushoto 0.95, na daktari amethibitisha kuwa alikusudia 23–32. Mguu wa kushoto nimepima jioni, kwa sentimita: kifundo 25, shavu la mguu 44. Asubuhi: kifundo 22, shavu 42, urefu 39. Jedwali la pakiti linasema saizi ya kati ni kifundo 21–23 na shavu 33–39. Saizi kubwa ni kifundo 24–26 na shavu 37–43. Muuzaji anasema tuchukue kubwa.

FundiVipimo
Vipimo vya asubuhi ndivyo vya kufuata, kabla hajaanza kuzunguka. Ukinunua kwa mguu uliovimba, ukishapungua soksi inabaki kining'inio. Ukibonyeza muundi asubuhi na shimo likabaki, basi mguu ufungwe bendeji za kubana kwanza mpaka upungue, ndipo upimwe.

Sasa saizi kubwa. Kifundo cha 22 ndani ya soksi ya 24–26 kitapata mbano hafifu, wakati shavu la 42 linaijaza soksi mpaka mwisho. Maana yake itabana zaidi juu kuliko chini, kinyume cha kazi yake, na wayo utavimba. Saizi ya kati nayo haifai: shavu limezidi kwa sentimita 3, ukingo wa juu utachimba mfereji chini ya goti.

Ulizieni saizi ya kati yenye shavu pana, watengenezaji wengi wanayo. Ikikosekana, ishonwe kwa vipimo vyake. Hapo fundi atapima mzingo sehemu sita: chini ya vidole, kuzunguka kisigino na mgongo wa wayo, pembamba juu ya kifundo, panapoanza shavu, panene pa shavu, na vidole viwili chini ya mkunjo wa goti, pamoja na kimo cha kila sehemu kutoka sakafuni. Futi ya fundi cherehani iguse ngozi bila kuibonyeza. Mguu wa kulia upimwe pekee yake. Usidhani unafanana na wa kushoto.

Kuna ufumaji wa aina mbili. Wa mviringo hauna mshono, ni mwembamba, na unatosha kwa vena. Wa bapa una mshono nyuma, mgumu zaidi, na ndio unaofaa kama mguu una mikunjo ya nyama au umbo lisilo la kawaida, maana ule wa mviringo hujikunjia ndani ya mikunjo hiyo na kukata.

MkonoMwepesi
Kwa vidole visivyo na nguvu, kila kitu kimo kwenye kisigino. Ingiza mkono ndani ya soksi, kamata kisigino kwa ndani, kisha geuza sehemu ya juu nje-ndani mpaka pale ulipokamata. Inabaki mfuko mfupi wa wayo. Pitisha vidole vya mguu, vuta mpaka kisigino cha soksi kikae sawasawa juu ya kisigino cha mtu. Kikiwa pembeni hata kidogo, acha, rekebisha hapo hapo, kwa sababu huko juu hakurekebishiki tena.

Halafu vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zenye vipele, na usukume kitambaa kwa viganja kama unayepaka kitu, sentimita tano tano. Msivute kwa kushika ukingo wa juu. Mkivuta, kitambaa chote hupanda gotini, kifundo hubaki na kidogo, na mnashangaa kwa nini inabana nyuma ya goti. Ikizidi urefu msikunje ukingo: tabaka mbili hubana mara mbili. Irudisheni chini kwa glavu.

Soksi yenye vidole wazi hurahisisha, maana unatanguliza kisoksi laini cha kuteleza kwenye wayo na kukichomoa mwishoni kupitia mbele. Kama bado inashinda, kuna fremu ya chuma ya kuvalia. Au mtengenezaji na daktari wakikubali, soksi mbili nyepesi zivaliwe moja juu ya nyingine; mbano wake hujumlika kwa kukadiria, na kila moja huvalika bila kupigana nayo.

SistaWaVidonda
Naongeza: mafuta ya ngozi apakwe usiku, akishavua. Akipaka asubuhi soksi haitapanda, na mafuta mengi huharibu nyuzi za mpira. Avae mara tu anapoamka.

BintiWaTatu
Na kufua? Ngapi zinatosha?

FundiVipimo
Jozi mbili, moja mguuni, nyingine inakauka. Ifuliwe kila siku au baada ya siku moja, kwa maji ya vuguvugu, nyuzijoto 40 mwisho au chini ya hapo kama lebo inavyosema, bila kilainisha nguo wala dawa ya kung'arisha. Usiinyonge, iviringishe ndani ya taulo uikandamize, kisha ianikwe kivulini.

Jozi moja inayovaliwa kila siku hudumu miezi mitatu hadi sita. Andika tarehe ya kuanza kwenye boksi. Siku mama atakapowahi kuivaa peke yake kwa urahisi, msifurahi haraka: pimeni tena kifundo cha asubuhi, maana aidha mguu umepungua au soksi imechoka, na vyote viwili vinataka soksi mpya.